Mfanyabiashara, nani ameshika ufunguo wa barua pepe yako?

MAMA mmoja anayeuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi alinifuata siku moja akiwa na simu mpya mkononi na sura ya mtu aliyefiwa. Simu yake ya zamani ilikuwa imetumbukia ziwani wakati akishuka kwenye boti. Simu yenyewe, alisema, haikumliza, kwa kuwa simu ni kitu cha kununua. Kilichomliza ni namba za wateja wake wote wa Uvira, Kalemie na Bujumbura, pamoja na ujumbe wa WhatsApp ambao kwake ndio ulikuwa daftari la madeni.

Nikamuuliza, "Mama, barua pepe yako ni ipi?"

"Mimi sina barua pepe, mwanangu. Hayo ni mambo yenu wasomi."

Kumbe alikuwa nayo. Simu aina ya Android haifanyi kazi sawasawa bila akaunti ya Google, na akaunti ya Google ni barua pepe. Siku aliponunua ile simu, kijana wa dukani alimfungulia akaunti kwa dakika 3, akaipa anwani yenye jina lake yeye kijana na tarakimu fulani, akaweka nenosiri analolijua yeye, na sehemu ya namba ya simu ya kurejeshea akaunti akaandika namba yake mwenyewe. Kijana huyo alishahama Kigoma, inasemekana yuko Kahama, na namba ile haipatikani tena. Namba za wateja wa mama yule zipo, zimehifadhiwa salama kabisa kwenye mitambo ya Google. Hakuna anayeweza kuzifungua.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu tunapozungumzia usalama wa barua pepe, wengi wetu tunamfikiria mwizi wa mbali, kijana mwenye kompyuta tatu katika nchi tusiyoijua. Mwizi huyo yupo, na nitamfikia. Lakini mimi ninayefanya kazi na wakulima na wafanyabiashara wadogo wa mkoa huu naona kwamba tatizo letu la kwanza liko karibu zaidi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunamiliki akaunti ambazo si zetu. Zilifunguliwa na fundi simu, na mwenye steshenari, na mtoto wa shangazi aliyemaliza kidato cha nne, na funguo wamebaki nazo wao. Hakuna mkulima anayejenga ghala la mahindi kisha akamwachia fundi seremala ufunguo na kuondoka. Kwa barua pepe ndivyo tunavyofanya kila siku.

Tuangalie ndani ya ghala hilo kuna nini. Katika simu nyingi za Android, majina na namba za simu huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google. Nakala ya mazungumzo ya WhatsApp, kama umeruhusu, nayo huenda huko. Picha ulizopiga zinaweza kupanda huko zenyewe, za mzigo, za kitambulisho cha taifa, za watoto nyumbani. Anayejua nenosiri lako anaweza kufungua mengi ya haya akiwa amekaa kwake. Anaweza pia kutafuta simu yako ilipo. Mfanyabiashara anayevuka ziwa usiku na fedha taslimu kiunoni ajiulize kama anataka kijana aliyemuuzia simu miaka mitatu iliyopita awe na uwezo huo.

Halafu kuna milango mingine ambayo barua pepe ndiyo ufunguo wake. Ukitaka kusajili jina la biashara au kampuni BRELA, mfumo wao wa mtandaoni ulioanza mwaka 2018 unadai barua pepe. Ukitaka kuomba zabuni ya kuuzia shule au hospitali mchele na maharage, siku hizi unapitia mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023, nao unadai barua pepe. Ukisahau nenosiri la mfumo wowote kati ya hiyo, njia ya kulirejesha hupita kwenye barua pepe hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyeshika barua pepe yako hana haja ya kuiba nywila nyingine. Atabonyeza tu mahali palipoandikwa "umesahau nenosiri", na mpya ataletewa mlangoni.

Sasa nije kwa mwizi wa mbali.

Wizi unaowaumiza zaidi wafanyabiashara duniani kwa njia ya barua pepe si ule wa kuahidiwa urithi wa mamilioni na mjane wa jenerali. Ni wa ankara. Mwizi anaingia kwenye barua pepe ya muuzaji au ya mnunuzi na hafanyi lolote. Anakaa kimya, anasoma. Anajua mnauziana nini, mnaitanaje, mzigo unaondoka lini. Mara nyingi anaweka agizo ndani ya akaunti ili nakala ya kila barua iende kwenye anwani yake, hivyo hata ukibadilisha nenosiri anaendelea kusoma. Siku ya kulipa ikifika, anatuma barua inayofanana kila kitu na ya mwenzako, isipokuwa namba ya akaunti ya benki. "Ndugu, akaunti yetu ya zamani ina ukaguzi, tafadhali lipia kwenye hii." Unalipa. Baada ya wiki mwenzako anakupigia kuuliza mbona kimya.

Usidhani wanaoibiwa hivyo ni washamba. Kati ya mwaka 2013 na 2015 raia mmoja wa Lithuania, Evaldas Rimasauskas, alizitumia ankara za uongo kampuni za Google na Facebook, akijifanya kampuni ya Asia iliyokuwa ikiwauzia vifaa vya kompyuta, na kampuni hizo zililipa zaidi ya dola milioni 100. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5. Kwa mwaka 2023 pekee, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea malalamiko ya wizi wa aina hii yenye hasara ya takriban dola bilioni 2.9. Ikiwa wenye kutengeneza Gmail walilipa ankara hewa, sisi tunaouza mawese hatuna sababu ya kujiona wajanja.

Kwetu sura yake tunaijua kwa jina jingine. Hakuna Mtanzania ambaye hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huo ni wizi huo huo wa ankara, ila ni wa kubahatisha. Anatuma kwa watu elfu akitumaini mmoja wao alikuwa kweli anakaribia kutuma hela. Aliye ndani ya barua pepe yako habahatishi. Anakujua jina, bei mliyokubaliana, na idadi ya madumu.

Na hapa naomba nitumie kalamu yangu ya uchumi kidogo. Tuseme mfanyabiashara wa Ujiji amenunua mawese ya shilingi milioni 9, na baada ya usafiri, ushuru na vibarua anabakiwa na faida ya asilimia 8, yaani shilingi 720,000 kwa safari moja. Malipo ya mzigo mmoja yakienda kwa tapeli, mtaji wa milioni 9 umepotea. Ili kuurudisha kwa faida hiyo atahitaji safari 12 na nusu, yaani 13, bila kula, bila ada ya shule, bila kuugua. Na safari ya kwanza kati ya hizo 13 ataifanya kwa mtaji gani? Atakopa, na riba itaanza kuhesabu. Ndiyo maana mfanyabiashara mkubwa akiibiwa hupata hasara, lakini mdogo akiibiwa mara moja hufunga biashara.

Dawa ya wizi wa ankara ni ya bei ndogo kuliko zote. Namba ya akaunti ikibadilika, piga simu. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo, piga ile uliyokuwa nayo siku zote, usikie sauti unayoijua. Mkubaliane na wateja wenu mapema, kabla ya biashara kuanza, kwamba mabadiliko ya akaunti hayapokelewi kwa maandishi peke yake. Anayekasirika kwa kupigiwa simu ya uhakika, mimi simwamini tangu mwanzo.

Narudi kwa wenzetu wa karibu, maana huko nina mengi.

Steshenari ni mkombozi wetu. Huko ndiko tunakochapa barua, kuskani vyeti, kujaza maombi ya leseni. Lakini tazama utaratibu wake. Mteja anaambiwa, "Tuma kwenye email yetu tukuprintie," au anatuma kwa WhatsApp ya duka. Kitambulisho chake cha taifa, namba ya mlipa kodi, mkataba wa shamba, taarifa ya benki, vyote vinabaki kwenye kompyuta ambayo kila anayeingia anaweza kuigusa. Mwingine anafungua barua pepe yake hapo hapo, anachapa, anashukuru, anaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha steshenari moja mjini hapa na kukuta barua pepe ya mtu iko wazi mbele yangu, yenye barua ya mkopo. Nilimtoa mwenye barua kwenye akaunti yake, kwa maana ya kubonyeza "ondoka", nikaendelea na yangu. Sijui kabla yangu walikaa wangapi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde taarifa hizo. Sina nia ya kuwatia hofu wenye steshenari, ambao nao ni wafanyabiashara wadogo kama sisi. Nionavyo mimi, mwenye steshenari atakayebandika tangazo ukutani kwamba nyaraka za wateja zinafutwa jioni ya siku hiyo hiyo, na akafanya hivyo kweli, atapata wateja kuliko jirani yake. Na mteja una haki ya kusimama pale na kusema, "Kijana, futa mbele yangu, na kwenye kapu la takataka la kompyuta pia."

Kundi la pili ni vyama vyetu vya ushirika. Nilikutana na chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa ambacho mawasiliano yake yote na wanunuzi yalikuwa kwenye barua pepe binafsi ya katibu. Ulipofanyika uchaguzi katibu akaangushwa, akaondoka na barua pepe yake, tena kwa haki kabisa, kwa kuwa ilikuwa na jina lake na barua zake za mapenzi humo humo. Wanunuzi waliendelea kumwandikia yeye. Viongozi wapya hawakujua kilichoandikwa wala bei iliyozungumzwa. Msimu ulipita. Haikuwa hujuma, ilikuwa uzembe wa mwanzo, na waliolipia ni wakulima waliokuwa wameshachuma. Chama kiwe na anwani ya chama, nenosiri lake liandikwe na kufungiwa bahasha kwenye kabati la fedha, na makabidhiano ya uongozi yawe pamoja na kubadilisha nenosiri hilo mbele ya wajumbe, kama mnavyokabidhiana mhuri.

Wapo watakaosema kwamba tuna sheria, na mwizi atakamatwa. Ni kweli, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini kuwa kosa la jinai, na ukiibiwa nenda polisi haraka, tena usifute barua hata moja kwa hasira kwa kuwa hizo ndizo ushahidi. Namba za matapeli wa simu tuma TCRA kupitia 15040. Lakini tuwe wakweli. Kigoma tunafanya biashara na nchi tatu za ng'ambo ya ziwa. Fedha ikishaingia kwenye akaunti ya benki ya nje na kutolewa, njia ya kuirudisha ni ndefu kuliko maisha ya mtaji mdogo. Sheria itamfunga mwizi pengine. Dumu zako hazitarudi.

Basi nini kifanyike? Nitasema yale ninayowafanyia wenyewe wanaonijia, ambayo huchukua kama nusu saa na vocha ndogo.

Kwanza tunauliza akaunti ni ya nani. Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya Google, usome anwani iliyopo. Kama hulijui nenosiri lake, au namba ya kurejeshea si yako, rudi kwa aliyekufungulia angali yupo mjini, mkae pamoja, mbadilishe vyote viwili. Kama hapatikani na akaunti imegoma, fungua mpya sasa hivi, wakati simu ya zamani bado inawaka na namba zako bado unaziona, uzihamishie huko. Ukisubiri mpaka simu iibiwe umechelewa. Na jambo jingine: simu ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani itadai akaunti ya Google iliyokuwemo au namba ya siri ya kufungulia simu, ndiyo maana mafundi wanatoza hela za "kutoa Google".

Nenosiri liwe refu. Tarehe ya kuzaliwa, jina la mtoto na 123456 ni sawa na kufunga mlango kwa kamba ya mgomba. Maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo wewe unayakumbuka na mwingine hawezi kuyakisia, yanatosha. Wenzangu Waha, changanyeni na Kiha. Wala lisitumike mahali pengine. Wale wazee wenzetu wa zamani za intaneti kafe mliofungua Yahoo, mkumbuke kwamba kampuni hiyo ilikiri mwaka 2017 kuwa akaunti zake zote, bilioni 3, ziliguswa katika wizi wa mwaka 2013. Kama nenosiri la enzi hizo bado unalitumia popote, libadilishe leo.

Kisha tunawasha uthibitishaji wa hatua mbili, ambao maana yake ni kwamba mtu akilijua nenosiri lako bado atahitaji kitu cha pili kilicho mkononi mwako. Wengi huchagua kutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu. Ni bora kuliko kukosa, ila kwa watu wa ziwa hili ina kasoro. Ukiwa Uvira na laini ya Kikongo, ujumbe uliotumwa kwenye laini yako ya Tanzania huenda usikufikie, na akaunti ikakufungia nje siku unayoihitaji. Zaidi ya hapo, wanaovuka mipaka hutumia laini nyingi na kuzitelekeza, na laini iliyotelekezwa hatimaye hupewa mtu mwingine, pamoja na ujumbe wake. Kwa hiyo chagua laini moja ambayo hutaiacha kamwe, piga *106# uhakikishe laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni zako kweli, halafu chukua zile namba 10 za akiba ambazo Google hutoa. Kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi. Zikae unapoweka hati ya kiwanja, na mbili tatu unaposafiri uwe nazo mfukoni.

Namba yoyote ya siri inayoingia kwenye simu yako bila wewe kuiomba, usimsomee mtu, hata ajitambulishe kuwa ni wa benki, wa Google au wa serikali. Mwenye haki ya kuiuliza hana haja ya kukupigia.

Mwisho tunaangalia kama kuna mgeni ndani. Kwenye akaunti ya Google kuna orodha ya vifaa vilivyofunguliwa kwa akaunti hiyo. Simu usiyoitambua, iondoe. Tunatazama pia kama kuna agizo la kupeleka nakala za barua kwingine. Ukurasa huo kwa Gmail hufunguka kwenye kompyuta, si kwenye programu ya simu, hivyo tumia kompyuta ya mtu unayemwamini na utoke ukimaliza. Ni hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayomfukuza yule msomaji wa kimya niliyemtaja.

Najua wapo wenye simu za kitochi watakaosema haya hayawahusu. Kwa leo ni kweli. Ila wengi wao wana mtoto au mjukuu aliyetumia barua pepe yake kuwasajilia jambo fulani, na ni vema wakamuuliza ni lipi.

Yule mama wa Kibirizi tulimfungulia akaunti mpya. Wateja waaminifu walimpigia wenyewe na namba zao zikaingia upya, wengine wenye madeni wamenyamaza mpaka leo. Karatasi ya namba 10 anaiweka kwenye kopo la stakabadhi za ushuru, chini kabisa. Juzi nilimtania nikamwomba anitajie nenosiri lake nimsaidie kuhamisha picha. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uliyesema nisimwambie mtu." Nikamkabidhi simu yake, akageuka upande, akaliandika mwenyewe.